Kuchakaza Vijisanamu vya Vita: Kipi Kipakwe Tope, Kipi Kivunjwe, Kipi Kiachwe Safi

Kijisanamu cha kwanza cha kifaru cha vita nilichokichakaza, yaani kukifanya kionekane kimetumika na kuchafuka, kilitoka na madoa kama chui. Nilikuwa nimekipaka vizuri, kijani kimekaa sawa, namba za ubavuni zimenyooka, kisha nikashika kipande cha sponji chenye rangi ya kahawia na kuanza kudonoa. Mchovya asali hachovyi mara moja. Nilidonoa pembeni, nikadonoa juu, nikadonoa katikati ya ubavu mahali ambapo hata buti la askari lisingefika. Nilipokiweka mezani, mwenzangu wa mchezo wa vita wa mezani aliniuliza kama hayo ni mabaka mapya ya kujificha.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anajua kupaka kijisanamu rangi na sasa yuko pale pale nilipokuwa: kazi imekamilika, inapendeza, na mkono unawasha. Jibu langu la mkato ni hili: uchafu, karibu kila mara ndiyo, ila kidogo. Majeraha ya vita, mara nyingi hapana. Kwa nini, na vipi, ndiyo habari ndefu.

## Uchakavu ni jambo moja, majeraha ni jingine

Watu huviweka kapu moja, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Uchakavu ni kile kinachofanywa na siku, hali ya hewa na matumizi: vumbi, tope, kutu, rangi iliyopauka, pembe zilizochubuka, masizi ya injini. Majeraha ni kazi ya adui: tundu la risasi, bonyeo, deraya iliyopasuka, ngao iliyokatwa kwa upanga.

Kikazi vinatofautiana kabisa. Uchakavu huja juu ya rangi, mwishoni, na ukikosea unaweza kuufuta au kuufunika. Majeraha ya kweli huchongwa kwenye plastiki kabla ya mkono wa kwanza wa rangi, na tundu ukishalitoboa umelitoboa. Maana yake uamuzi kuhusu majeraha unafanywa mwanzo, uamuzi kuhusu uchafu unaweza kusubiri hadi mwisho kabisa.

Kimaana pia vinatofautiana. Gari lililokaa wiki mbili vitani lina vumbi, hilo halina mjadala. Lakini kifaru chenye tundu la kombora ubavuni, ambacho bado kinatembea mezani na kufyatua, kinazua swali: waliomo ndani wanafanya nini? Kombora likishapenya, mara nyingi habari ya kifaru hicho imekwisha. Majeraha yanayoaminika kwenye chombo kinachoendelea kupigana ni yale ambayo hayakumaliza kazi: alama ya kombora lililogonga na kuteleza, madigadi iliyokunjika, sanduku la vifaa lililotobolewa na vipande vya bomu. Vifaru vya Ujerumani vilivyofungwa bamba nyembamba za pembeni kuanzia 1943, zile zinazoitwa Schürzen, vilizipoteza bamba hizo kwa kugonga miti na kuta tu, bila adui kufyatua chochote. Kung'oa bamba moja na kuacha vibanio vyake wazi kunasema mengi kuliko matundu kumi.

Matundu makubwa yawekee kifaru cha pili, kile cha bei rahisi au kilichokosewa kuunganishwa, ukifanye gofu lililoungua. Kifaru kikipigwa katikati ya mchezo, unaondoa kizima na kuweka gofu mahali pake. Hapo vunja upendavyo.

## Lini uache

Kuna sifa moja ya uongo ambayo uchakavu umepewa: kwamba unaficha upakaji mbaya. Ni nusu ukweli. Unaficha rangi isiyolingana na doa dogo la brashi. Lakini mishono ya kalibu, ile mistari inayobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, haifichiki. Brashi kavu, yenye rangi kidogo tu, hupita juu ya mshono na kuuchora kwa rangi nyeupe, na rangi nyembamba hujikusanya kando yake na kuuchora kwa nyeusi. Kama mishono bado ipo, weka sponji chini, chukua tupa.

Acha pia kama kijisanamu ni cha gwaride, au cha mlinzi wa mfalme, au cha jeshi la kubuni ambalo usafi ndio tabia yake. Kwenye mchezo wa kubuni wa Warhammer 40,000, Death Guard, watumishi wa Nurgle, mungu wa maradhi, wasipoonyesha kuoza wanakuwa si wao. Lakini walinzi wa dhahabu wa Mfalme wa wanadamu, Adeptus Custodes, wakijaa kutu wanaonekana wameibiwa. Na kama wenzake sitini ni wasafi, mmoja mwenye tope hadi magotini ataonekana kama amekosea kambi. Ama uwapake wote vumbi kidogo, ama umwache.

Vijisanamu vya Vita vya Napoleon ndivyo vinavyogombanisha watu zaidi. Wengine wanavipaka kama vile vimetoka kwa fundi cherehani asubuhi hiyo, na meza inang'aa kweli, sitawabeza. Lakini usiku wa kuamkia mapigano ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, mvua ilinyesha na majeshi yalilala kwenye maji. Askari mwenye suruali nyeupe kama karatasi asubuhi ile ni wa ajabu. Hapa chagua kwa kuangalia jeshi zima linavyosomeka kutoka upande wa pili wa meza, si kwa kijisanamu kimoja ulichokishika mkononi.

## Hesabu ya milimita

Hili ndilo lingeniokoa siku ile ya chui. Vijisanamu vya watu vyenye urefu wa milimita 28 hivi kwa kawaida huendana na magari ya kipimo cha 1/56. Maana yake milimita moja juu ya kifaru chako ni sentimita 5.6 duniani. Mchubuko wa milimita mbili, ambao kwa macho yako ni kijidoa tu, ni bamba la rangi lililobanduka kwa zaidi ya sentimita 11. Kwenye kipimo cha 1/72 milimita moja ni sentimita 7.2, na kwenye 1/100 ni sentimita 10 kamili.

Tundu la kombora la milimita 88 kwenye 1/56 lina upana wa takriban milimita 1.6. La milimita 75 ni 1.3. Risasi ya bunduki ya milimita 7.62 ni milimita 0.14, yaani nywele tu. Ukitoboa "tundu la risasi" kwa ncha ya milimita moja, umetoboa tundu la mzinga wa milimita 56.

Hesabu hiyo hiyo inahusu unene. Plastiki ya madigadi yenye unene wa milimita moja ni sawa na chuma cha sentimita 5.6. Ukiivunja na kuacha ukingo wake ulivyo, umeonyesha deraya iliyovunjika, wakati ulitaka bati lililokunjika.

Sasa utasema: michubuko ya kipimo sahihi haitaonekana kabisa kutoka mita moja. Kweli. Meza ya mchezo inatazamwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa au zaidi, kwa hiyo tunatia chumvi, na ni halali. Tia chumvi mara mbili, usitie mara kumi.

## Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Kabla ya chombo chochote, andika kwenye karatasi kimepitia nini. Sentensi moja inatosha. "Lori hili limevuka jangwa miezi mitatu na halijapigwa risasi hata moja." Tayari unajua kazi: rangi imepauka juu kwa jua, mchanga umekwangua kingo za mbele, vumbi kila mahali, kutu karibu hakuna kwa sababu hewa ni kavu. "Kifaru hiki kimetoka kiwandani wiki iliyopita na jana kimevuka mto." Rangi nzima, mchubuko labda mmoja, tope hadi nusu ya magurudumu. Nikikosa sentensi, sichakazi. Kifaru cha chui hakikuwa na sentensi.

## Hatua ya 2: Majeraha ya kuchonga, kabla ya rangi

Vifaa: keekee ndogo ya mkono yenye ncha za milimita 0.5 hadi 1.6, kisu chenye makali mapya, tupa ya mviringo, koleo ndogo, sindano.

Tundu la kupenya: toboa, kisha kwa ncha ya kisu chokonoa ukingo uinuke kidogo kama mdomo wa chuma kilichosukumwa. Alama ya kombora lililoteleza haina tundu. Ni mfereji mfupi mithili ya alama ya ukucha kwenye sabuni, wenye kina mwanzoni na unaofifia mwishoni. Uchonge kwa tupa ya mviringo, kwa mkono mmoja wa haraka. Risasi ndogo usitoboe, choma alama kwa ncha ya sindano. Na zote zielekee kutoka upande mmoja, hasa mbele, maana adui alikuwa mahali fulani. Alama zilizotawanyika pande zote sawasawa zinaonekana kama ugonjwa wa ngozi.

Madigadi na mabati mengine: yapunguze kwa tupa kutoka upande wa ndani, usioonekana, hadi ukingo uwe mwembamba kama karatasi ngumu. Ndipo uukunje kwa koleo, taratibu. Njia rahisi zaidi ni kukata madigadi yote na kutengeneza nyingine kwa bati laini la alumini. Hilo hukunjika lenyewe kama bati, kwa sababu ni bati.

Ngao ya mbao: mikato miwili ya kisu inayokutana kwa umbo la V. Usiikate katikati tu. Ngao hupokea mapigo zaidi kwenye ukingo wa juu.

Tahadhari mbili. Vumbi la rezini, ile plastiki ya kumiminwa ya baadhi ya vijisanamu, si la kuvuta: piga msasa wa maji, kitu kikiwa kimelowa, na vaa barakoa. Na vijisanamu vya zamani vya metali vinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, basi nawa mikono kabla ya kugusa chakula.

## Hatua ya 3: Rangi ya kuanzia

Pandisha rangi yako ya msingi iwe imepauka kidogo kuliko unavyotaka mwisho wake uwe. Kila hatua inayofuata, ukiacha vumbi, hugizesha. Kifaru nilichokipaka kijani sahihi kabisa cha vitabuni kilimalizika kikiwa karibu cheusi.

Nyuso za juu, zinazopigwa na jua, ziongezee rangi ya krimu kidogo kwenye mchanganyiko. Usitumie nyeupe tupu, hufanya kijani kionekane kama chaki. Bandika namba na nembo sasa, ili nazo zichakae pamoja na gari. Nembo mpya inayong'aa juu ya tope ni kosa ambalo jicho hulidaka haraka.

Kisha vanishi ya akriliki ya kung'aa, mkono mmoja mwembamba, na siku nzima ya kukauka. Ina kazi mbili: inafanya rangi nyembamba ikimbie kwenye mifereji badala ya kunywewa na uso mkavu, na inakinga rangi yako ya akriliki isiliwe na thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi za mafuta, ya hatua zinazofuata.

## Hatua ya 4: Woshi

Woshi ni rangi iliyozimuliwa hadi inatiririka, inayojikusanya kwenye mifereji na kuzunguka bolti. Usiogeshe chombo kizima. Kwa gari, chukua brashi nyembamba, gusa mfereji kwa ncha yake, na uache rangi ikimbie yenyewe. Kahawia iliyokoza hufaa karibu kila kitu. Nyeusi tupu iweke kwa injini na bunduki.

Mimi napendelea rangi ya mafuta ya wasanii iliyozimuliwa kwa thina, kwa sababu hukaa mbichi muda mrefu. Baada ya nusu saa unachukua brashi iliyolowa thina kidogo tu, ukafuta palipozidi, na mfereji unabaki umejaa. Akriliki haikupi nafasi hiyo. Ila fungua madirisha, na usimwagie thina plastiki tupu isiyopakwa rangi, hasa kwenye viungo vilivyobanwa kwa nguvu: huingia ndani na kupasua.

## Hatua ya 5: Michubuko

Hapa ndipo watu wengi hupotea, basi tukae kidogo.

Jiulize rangi ya chombo cha kweli imepangwaje. Chini kuna chuma. Juu yake praima, ile rangi ya awali, ambayo kwa vifaru vya Ujerumani vya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa nyekundu ya udongo wa matofali. Juu ya praima kuna rangi inayoonekana. Mkwaruzo hafifu hauvuki rangi ya juu. Unaonyesha rangi ile ile ikiwa imepauka zaidi. Mkwaruzo wa wastani unafika kwenye praima. Wa kina tu ndio unaofika chumani, na chuma hicho baada ya siku chache hakina tena mng'ao wa fedha, kimeshika kahawia iliyokoza. Kwa hiyo mkwaruzo mwingi uwe wa aina ya kwanza, mchache wa pili, na wa tatu uhesabike kwa vidole.

Ndege ni habari nyingine. Alumini haishiki kutu ya kahawia, kwa hiyo mchubuko wa ndege ya alumini ni wa fedha, na kahawia yoyote hapo ni kosa la wazi. Ndege nyingi za Japani za vita hivyo zilipauka na kubanduka vibaya, hasa zile zilizopakwa rangi vituoni juu ya alumini isiyo na praima. Hizo ndizo pekee ninazoruhusu sponji iserereke.

Sasa mkono wenyewe. Chana kipande cha sponji laini, saizi ya punje ya mahindi. Usikate kwa mkasi, ukingo ulionyooka huacha alama zilizonyooka. Kibane kwa koleo. Chovya kwenye rangi iliyopauka kuliko ile ya msingi, kisha donoa kwenye tishu hadi utakapodhani imekwisha. Haijaisha. Donoa tena mara tano. Ndipo uguse chombo.

Wapi? Mahali panapoguswa. Ukingo wa mlango wa juu ambao askari hupitia. Ngazi na kila bamba analokanyaga akipanda. Pembe za madigadi. Kuzunguka vifungo vya vifaa. Ukingo wa chini wa mbele unaokwangua vichaka. Ubavu wa mnara wa mzinga, juu, mbali na milango, hakuna anayeugusa: uache. Kwa deraya ya mtu: magoti, viwiko, ukingo wa begani, vidole. Kifua kikichubuka kuliko magoti, askari huyo anatembea kwa kifua.

Baada ya sponji ya rangi hiyo iliyopauka, chukua brashi yenye ncha kali na kahawia iliyokoza, na ndani ya baadhi ya yale madoa, yale makubwa pekee, weka doa dogo la kahawia ukiacha mstari mwembamba wa rangi iliyopauka kwenye ukingo wa chini. Jicho hudanganyika: mwanga huja kutoka juu, hivyo ukingo wa chini wa shimo ndio unaong'aa. Doa bapa linageuka kuwa mchubuko wenye kina. Kwa mahali panaposuguliwa kila siku na hapapati nafasi ya kushika kutu, kama mpini wa mlango, pitisha risasi ya penseli laini. Inatoa mng'ao wa chuma ambao rangi ya fedha haiwezi kuiga, na haina kishindo.

Simama kila baada ya dakika tano, weka chombo mezani, rudi nyuma hatua mbili. Ukianza kujisikia raha, umeshazidisha.

Kuna njia ya pili, ya dawa ya nywele ya kupuliza, na inafaa hasa chokaa nyeupe ya majira ya baridi ambayo majeshi yaliyopigana huko Urusi yalipaka juu ya vifaru na ambayo ilitoka kwa mvua na buti. Ukiwa na rangi ya chini iliyolindwa kwa vanishi, puliza dawa ya nywele mikono miwili myembamba, iache ikauke, kisha nyeupe ya akriliki nyembamba juu yake. Ndani ya saa moja lowesha kwa maji ya uvuguvugu na usugue kwa brashi ngumu iliyofupishwa: dawa huyeyuka, nyeupe hubanduka kwa maumbo ambayo mkono hauwezi kuyachora. Baadhi ya akriliki hukauka kama ngozi ya mpira na kutoka kwa vipande vikubwa, basi jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki ya kutupa.

## Hatua ya 6: Kutu na michirizi

Kutu mpya ni ya machungwa, kutu kongwe ni ya kahawia inayoelekea zambarau. Weka kongwe kwanza, kwa eneo; mpya iwe vidoa juu yake. Bomba la moshi la injini hushika kutu kabla ya kila kitu kwa sababu joto huunguza rangi yake, basi hapo usibanie. Minyororo ya vifaru hushika kutu haraka ikisimama na kusafishika ikitembea: ipake kahawia ya udongo, kisha ng'arisha kwa penseli pale inapogusa ardhi na magurudumu. Angalia kwanza kama ni chuma kweli. Vifaru vingi vya Marekani vya aina ya Sherman vilikuwa na minyororo yenye vipande vya mpira, na mpira haushiki kutu.

Michirizi: weka kijidoa cha rangi ya mafuta chini ya bolti au ukingo, kidogo kama punje ya chumvi. Baada ya dakika chache kivute kuelekea chini kwa brashi bapa iliyolowa thina na kufutwa karibu ikauke. Kivute tena hadi kibaki kivuli tu. Michirizi huenda chini, daima, kufuata maji ya mvua. Mmoja au miwili kwa kila bamba, kwa urefu usiolingana.

## Hatua ya 7: Masizi

Haraka tu: poda ya rangi nyeusi iliyochanganywa na kahawia, kwa brashi laini, kwenye mdomo wa bomba la moshi na nyuma ya bunduki za rashasha. Mtutu wa kifaru hauhitaji kuwa mweusi kama chungu. Kuzunguka tundu la kuungua, koleza kabisa tunduni, fifisha kwa nje, na katikati kabisa ya moto mkali weka kijivu cha majivu.

## Hatua ya 8: Tope na vumbi

Kanuni moja inashinda zote: tope la kwenye gari liwe na rangi ya ardhi ya kitako chake, yaani kibao kinachosimamia. Tope jekundu juu ya kitako cha mchanga wa njano linaharibu kazi ya wiki nzima. Kwa hiyo tengeneza kitako kwanza, au angalau chagua poda moja utakayotumia kotekote.

Changanya poda ya rangi, mchanga laini uliochekechwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Lipake chini: ndani ya magurudumu, tumboni, theluthi ya chini ya ubavu. Kisha chovya brashi ngumu, ielekeze kwa gari, na ikwaruze kwa kijiti cha meno ili irushe vitone. Elekea upande ambao gurudumu lingerusha. Tope lililokauka limepauka, lililolowa limekoza na lina mng'ao kidogo. Weka kavu pana, lowevu kidogo juu yake.

Vumbi ni poda kavu, iliyopauka kuliko tope, ipakwe kwa brashi laini kwenye nyuso bapa na pembe za ndani, kisha ifutwe kwa kidole pale askari wanapokanyaga. Kufuta huku ndiko kunakoleta uhai. Vaa barakoa, poda hizi ni laini mno.

## Hatua ya 9: Kulinda

Vijisanamu hivi vinashikwa, na vidole ni adui wa poda. Dondoshea alkoholi ya isopropili kwa ncha ya brashi ili poda ishikamane, ikikauka puliza vanishi isiyong'aa, kidogo, kutoka mbali. Vanishi hugizesha poda na kumeza karibu nusu ya vumbi. Weka vumbi zaidi kidogo kuliko unavyotaka. Siku ya unyevu mwingi usipulize, vanishi hugeuka ukungu mweupe. Mng'ao wa penseli na wa tope lowevu urudishe baada ya hapo, maana vanishi isiyong'aa huua vyote viwili.

## Watu

Nguo hazichubuki, hupauka na kuchafuka. Koti jekundu la askari wa kawaida wa Uingereza wa enzi ya Napoleon lilitiwa rangi ya mizizi ya mmea uitwao madder na likipigwa jua lilielekea rangi ya matofali; la afisa lilikuwa jekundu kali zaidi. Paka mmoja kati ya watatu kwa wekundu uliofifia na utapata kikosi kilichotembea. Kiraka cha kahawia kwenye goti kinafanya kazi kuliko tope. Na kuna jambo ninalolipenda: askari wale waling'ata karatasi ya risasi kwa meno kabla ya kumimina baruti, hivyo baada ya mapigano midomo yao ilikuwa myeusi. Nukta ya kijivu iliyokoza pembeni mwa mdomo, hafifu, inatosha.

Deraya ya shaba hushika ukijani, lakini mwenye nayo aliisugua. Ukijani uwe ndani ya mifereji tu, isipokuwa kama unapaka mfu aliyefufuka. Upanga wa mtu aliye hai hauna kutu.

Damu: iliyokauka ni ya kahawia, mbichi ni nyekundu iliyokoza yenye mng'ao. Ncha ya silaha, bandeji, basi. Kikosi kizima chenye damu hadi mabegani huacha kutisha.

## Ukizidisha

Woshi na michirizi ya mafuta iliyo chini ya siku moja hufutika kwa thina na kijiti cha pamba, mradi vanishi ipo chini. Poda isiyofungwa huoshwa kwa maji. Mchubuko wa sponji ufunike kwa kudonoa rangi ya msingi juu yake, kwa sponji ile ile, ukiacha ukingo wa doa. Mara nyingi unatoka mzuri kuliko wa kwanza. Tundu uliloghairi lizibe kwa puti ya kujazia mapengo ya mafundi wa modeli, au funga juu yake sanduku, turubai lililokunjwa au kipande cha mnyororo wa akiba. Vifaru vya kweli vilibeba vitu hivyo vyote.

Kwa jeshi zima, mgawo wangu ni huu: vumbi kwa wote, michubuko kwa magari na deraya zote lakini mizito kwa moja kati ya nne, jeraha la kuchongwa kwa moja kati ya kumi. Mchanganyiko wa tope nauandika kwenye kifuniko cha chupa yake, sehemu ngapi za poda gani, kwa sababu magari ya kikosi kimoja hayapakwi siku moja. Kifaru cha chui bado ninacho. Nilikitoboa ubavuni kwa ncha ya 1.6, nikakiunguza kwa masizi na majivu, na sasa kila mtu anayepoteza kifaru mezani kwangu anawekewa hicho mahali pake.